Kupokea timu ya misheni kwenye huduma ya watoto: mwongozo kamili kwa walimu wa Sande skuli Malindi

Shule zikifungwa, makanisa ya Malindi hupokea wageni. Wengine hutoka Marekani, Uingereza, Ujerumani au Korea Kusini, na wengine hutoka Nairobi. Wengi wao huomba kuhudumia watoto, maana watoto hukusanyika haraka na furaha yao haingoji mkalimani. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Sande skuli ambaye mchungaji amemwita na kumwambia, "Mwalimu, kuna wageni wanakuja Agosti, tuandalie wiki ya watoto."

Msimamo wangu nautaja mapema: darasa ni la mwalimu wa hapa, na mgeni anakuja kumsaidia. Mkilipanga jambo hili tangu barua ya kwanza, wageni wenyewe watahudumu kwa raha, na watoto watabakiwa na mafundisho hata baada ya ndege kuondoka. Mkiliacha hadi wageni wafike, mtajikuta mmesimama pembeni ya darasa lenu mkigawa maji.

Hatua ya 1: Jueni shida yenu kabla ya kupokea ratiba ya mtu

Kaeni walimu wote, pamoja na mzee mmoja wa kanisa na mama mmoja wa kikundi cha akina mama. Jiulizeni watoto wetu wamekwama wapi. Kanisa la Ganda huenda likasema darasa la wadogo limejaa na mwalimu ni mmoja. Kanisa la Muyeye huenda likasema watoto wakishaingia sekondari ya chini hawaonekani tena Jumapili. Lingine litasema walimu wake hawajawahi kufunzwa namna ya kusimulia hadithi. Hizo ni shida tatu tofauti, na kila moja inataka timu ya namna yake. Penye upungufu wa mafunzo ya walimu, siku mbili za semina na siku tatu za watoto zitafaa kuliko siku tano za michezo.

Andikeni jibu kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo ndio utakaowasaidia kusema "hapana" kwa upole pale timu itakapotaka kuleta mambo yasiyowahusu.

Kuhusu tarehe, Agosti ndiyo bora. Likizo ya Aprili hukutana na mwanzo wa masika, na barabara za Langobaya na Kakuyuni hazina huruma mvua ikinyesha. Desemba familia nyingi husafiri, na kanisa lenyewe liko kwenye mazoezi ya Krismasi. Agosti ni msimu wa kusi, joto limepungua na watoto wako nyumbani. Angalieni pia kalenda ya Kiislamu, msije mkaweka ngoma na vipaza sauti katika usiku ambao mtaa mzima uko kwenye tarawehe.

Hatua ya 2: Barua na makaratasi

Barua ya mwaliko iandikwe na kanisa lenu, kwa lugha ya wazi. Mfano wa maneno yake:

"Tunawakaribisha kuhudumu pamoja na walimu wetu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Masomo yatafundishwa na walimu wetu kwa Kiswahili. Tunaomba watu wasiozidi wanane. Kila mmoja alete hati ya polisi ya nchi yake inayoonyesha rekodi yake, na barua ya mchungaji anayemjua. Tafadhali msilete zawadi za watoto kabla hatujazungumza."

Idadi isichukuliwe kwa wepesi. Wageni wanane kati ya walimu kumi wa hapa huchanganyika nao. Wageni ishirini hukaa kama kundi la watalii, na watoto huwageukia wao.

Wageni wengi wanaotoka nje ya Afrika huomba idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo Kenya ilianza kuitumia Januari 2024. Lakini idhini ya utalii ni jambo moja na kufanya kazi ya dini ni jingine. Idara ya Uhamiaji ina pasi maalum kwa shughuli za muda mfupi, na kibali cha Daraja la I kwa wanaokaa muda mrefu katika kazi za dini na hisani. Mzee wa kanisa aende kuuliza mapema, na timu isikate tiketi kabla ya jibu. Wageni wakitaka kuleta daktari na dawa, kataeni mpaka daktari huyo apate leseni ya muda ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Vidonge vinavyogawiwa watoto chini ya mwembe na mtu asiyejua wamekunywa nini jana ni hatari.

Walimu wa hapa nao walete cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai. Haifai tumdai mgeni karatasi ambayo sisi hatuna.

Hatua ya 3: Ulinzi wa watoto

Hapa tusiharakishe. Mji wetu una kidonda chake. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 uliitaja Malindi miongoni mwa sehemu za pwani ambako watoto walitumiwa kingono, na waliowatumia walikuwa watalii na wenyeji pia. Mwaka huohuo ndipo ilipopitishwa Sheria ya Makosa ya Kingono. Mtu mwenye nia mbaya anajua kwamba fulana ya misheni na Biblia mkononi humfungulia milango ambayo isingefunguka kwa mwingine. Kwa hiyo kanuni zifuatazo ni za kila mtu, hata awe askofu.

Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Wawepo watu wazima wawili, na mmoja wao awe mwalimu wa hapa. Mtoto akitaka kwenda chooni, mlezi wa kike wa hapa awapeleke wasichana wawili au watatu pamoja, na mlezi wa kiume afanye hivyo kwa wavulana, naye abaki nje ya mlango. Mgeni hampeleki mtoto chooni kabisa.

Kubeba na kupakata kunahitaji kuelezwa vizuri, maana wageni wengi hufanya kwa upendo. Mtoto wa miaka minne akilia, mwalimu anayemjua ambembeleze mbele ya watu. Mtoto asipakatwe na mgeni, asilazwe mapajani, asichezewe nywele. Salamu za mkono, kugonganisha viganja na kushikana mikono katika mduara zinatosha.

Mgeni asichukue nambari ya simu ya mtoto wala asimpe yake. Asimpeleke mtoto hotelini, kwenye nyumba ya kupanga, ufuoni wala dukani. Asimpandishe tuktuk wawili peke yao. Akitaka kumsaidia mtoto fulani, amwambie mratibu wa wiki ya watoto, na mratibu azungumze na mchungaji na wazazi.

Picha ni mlango mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa. Wekeni mstari wa ruhusa kwenye fomu ya kujiandikisha, na mzazi akikataa, mtoto avae utepe wa rangi maalum mkononi ili mpiga picha amruke. Mpiga picha awe mmoja, wengine waache simu mfukoni. Picha zisiandikwe jina la mtoto wala mtaa wake, na mtoto asipigwe picha akiwa amevaa nguo iliyochanika ili apate kuhurumiwa ng'ambo.

Mkisikia au mkiona jambo la kutisha, msilifanyie kikao cha upatanisho. Andikeni alichosema mtoto kwa maneno yake mwenyewe, msimhoji tena na tena, na siku hiyohiyo mwende Ofisi ya Watoto au polisi. Nambari 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Bandikeni nambari hiyo ukutani kwa herufi kubwa, kimo cha macho ya mtoto.

Jambo la mwisho hapa: msiwapeleke wageni kutembelea nyumba za watoto yatima kama sehemu ya ratiba. Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya mwaka 2017, na mpango wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila likizo, kisha anaachwa, anajeruhiwa kila mara.

Hatua ya 4: Wazazi, majirani na chifu

Baada ya maafa ya msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, mzazi wa Malindi akisikia kanisa linataka watoto wake siku tano, ana haki ya kuuliza maswali. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule, wakiwemo watoto wengi. Wako kati yetu waliopoteza ndugu. Kwa hiyo msikasirike mkiulizwa, jibuni yote. Nendeni kwa chifu na mzee wa mtaa mkiwa na majina ya wageni, ratiba na masomo. Itisheni mkutano wa wazazi Jumapili mbili kabla, waonyesheni mahali watoto watakapokaa, waambieni wanaruhusiwa kuja kuketi nyuma saa yoyote bila kubisha hodi. Mlango ubaki wazi, na chakula kitolewe kila siku. Mtu yeyote akitaja kufunga kwa watoto, mzuieni papo hapo.

Majirani zetu Waislamu ni wengi, na watoto wao wanacheza na wetu. Wakisikia ngoma watakuja kuchungulia uani. Hapa makanisa mengine hukosea: huwaita ndani kwa peremende na kuwahesabu. Mtoto asijiandikishe bila mzazi wake kujua anakuja kanisani na atafundishwa nini. Mzazi akisema aje kucheza mpira tu, basi aje kwa mpira, na wakati wa somo arudi nyumbani. Amani ya mtaa wa Shella, Barani au Maweni imejengwa na wazee wa dini zote kwa miaka mingi, na haifai kubomolewa na watu watakaokuwa angani wiki ijayo. Azana ikilia, zimeni kipaza sauti. Kufanya hivyo hakutupunguzii imani.

Hatua ya 5: Somo lifundishwe na mwalimu wa hapa

Hadithi ya dakika kumi ikitafsiriwa sentensi kwa sentensi huwa ya dakika ishirini, na mtoto wa miaka sita alishaondoka kwa mawazo dakika ya nane. Kwa hiyo simulizi iwe ya mwalimu, na wageni wawe mikono, miguu na sauti za upepo. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kwa kujifunza lugha, kisha kutafsiri Mwanzo. Timu ya siku tano haiwezi kufanya hivyo, ila inaweza kuheshimu lugha kwa kumwachia mwenye nayo.

Chukueni kisa cha Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4:35–41. Benchi mbili zipangwe ziwe dau. Fungeni leso nne pamoja kwa ncha zake, wageni wawili washike upande huu na wawili upande ule. Mtoto mmoja alale shetri, nyuma ya dau, na mto chini ya kichwa. Mwalimu aanze kwa sauti ya chini: jioni imeingia, wavuvi wamechoka. Anapofika kwenye upepo, leso zianze kutikisika polepole, kisha kwa nguvu, na wageni wengine wapulize na kupiga viganja kwenye mapaja ili isikike mvua. Watoto wote wapige kelele ya kumwamsha. Mwalimu ainue mkono, na leso zishuke sakafuni pamoja, kimya. Anyamaze kidogo hapo. Watoto wa Mayungu na Ngomeni wanaijua kusi, hawahitaji kuelezwa mawimbi ni nini.

Na sababu kubwa ya kumtaka mwalimu wa hapa iko katika kisa hichihicho. Yeye anajua ni mtoto yupi ambaye baba yake alikwenda kuvua na hakurudi. Kabla ya somo atakuwa amezungumza na mama yake, atamkalisha karibu naye, na hatasema kamwe kwamba mwenye kuomba hazami. Mgeni hana njia ya kujua hilo.

Ikibidi mgeni aseme, ushuhuda wa dakika tatu kwa mfano, akutane na mkalimani usiku wa kuamkia siku hiyo na kumsomea atakachosema. Sentensi ziwe fupi, mafumbo ya kwao yaachwe, na macho yake yawe kwa watoto. Mkalimani asimame ubavuni mwake. Sehemu za ndani kama Langobaya, tafuteni mwalimu anayezungumza Kigiriama kwa darasa la wadogo, maana wengi wao Kiswahili wanakianza shuleni.

Kazi za mikono zichaguliwe kwa kipimo kimoja: je, mwalimu ataweza kuirudia Oktoba bila mgeni? Makuti, vifuu, vifuniko vya chupa, maboksi na unga wa gundi vinapatikana hapa. Msiwatume watoto kuokota makombe na matumbawe. Hifadhi ya Bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968, na kuchukua vitu ndani yake ni kosa. Safari ya ufuoni na watoto mia nayo iacheni. Hakuna idadi ya wageni inayotosha kuwachunga watoto mia kwenye maji.

Hatua ya 6: Wafunzeni wageni asubuhi nzima

Wageni wakifika Jumamosi, Jumapili waabudu tu, wajulishwe na kusalimia. Jumatatu asubuhi iwe ya mafunzo, na watoto waanze alasiri. Wapitisheni kwenye kanuni za ulinzi moja moja, kisha kila mtu atie sahihi, wa hapa na wa kule.

Waelezeni mavazi: sketi au suruali pana, mabega yamefunikwa, hata wakiwa kwenye mapumziko mjini. Wafunzeni kuitikia "marahaba" mtoto anapowaamkia, na kuwaita walimu wenu "Mwalimu" mbele ya watoto. Waambieni pia kuhusu "ciao". Mzungu akipita mitaani Malindi, watoto humwamkia kwa Kiitaliano na kufuatisha "caramella", yaani peremende. Wamezoeshwa hivyo na watalii wa miaka mingi, nao wageni wakianza kutoa peremende mfukoni watakuwa wameshika nafasi ya watalii wale, na hakuna atakayesikia somo. Mgeni acheke, ajibu "hamjambo watoto", aulize jina, aendelee na safari.

Wakatazeni ahadi. "Nitarudi", "nitakulipia karo", "nitakutumia viatu": mtoto hayasahau maneno hayo, na mama yake atakuja kuyauliza kwa mchungaji mwezi wa pili.

Hatua ya 7: Siku zenyewe

Kuanzia Jumanne, anzeni saa mbili na nusu asubuhi na kumaliza kabla ya saa sita, jua halijachoma. Gaweni watoto kwa umri: miaka 3 hadi 5, 6 hadi 8, 9 hadi 12, na wakubwa mahali pao. Kwa wadogo kabisa, mlezi mmoja kwa watoto watano. Kwa wengine, mmoja kwa kumi. Katika hesabu hiyo msiwahesabu wageni. Mlangoni kuwe na daftari la kuingia na kutoka, na mtoto mdogo aondoke na yule aliyeandikwa kwenye fomu tu.

Uji unatosha kwa asubuhi. Watoto 120 kwa kikombe cha mililita 300 ni lita 36, yaani unga kilo 4 hivi na sukari kilo 2. Ulizeni mapema nani hawezi karanga kabla ya kuzitia. Siku ya mwisho akina mama wapike viazi karai au mahamri na mbaazi, wageni wakae chini wale na watoto. Mitungi ya maji yenye bomba iwe kivulini, na sabuni karibu na choo. Michezo iwe mchezo wa kati (wa kukwepa mpira), kuruka kamba na mpira. Wageni wajifunze kutoka kwa watoto, furaha huwa kubwa zaidi hivyo.

Hatua ya 8: Pesa na zawadi

Bajeti iwe moja, iandikwe na kanisa lenu, na pesa zipite kwa mhazini kwa risiti. Kanisa lichangie kitu, hata kama ni kuni, nyumba ya kikao na nguvu za akina mama, na viandikwe kwenye bajeti kwa thamani yake. Mkalimani na wapishi walipwe wanachostahili.

Wageni wakitaka kuacha zawadi, ombeni vitu vya darasa: mikeka, ubao, Biblia za Kiswahili, sanduku la huduma ya kwanza, nauli ya semina ya walimu. Nguo na vinyago kutoka kwenye masanduku huleta ugomvi, maana havitoshi watoto wote, na atakayekosa atakumbuka kukosa tu.

Hatua ya 9: Wageni wakiondoka

Jumapili ya kwanza baada ya wiki hiyo ipangeni mapema kama mlivyoipanga wiki yenyewe. Watoto wapya watakuja wakitafuta wageni. Wakute mwalimu yuleyule aliyewasimulia dhoruba, leso zilezile, na kisa kingine: Marko 5, binti wa Yairo. Katika wiki mbili zinazofuata, walimu wawili wawili wagawane daftari na kuwatembelea watoto wapya nyumbani, wakae na wazazi, wanywe chai, waulize habari.

Kaeni pia kikao cha tathmini na timu kabla haijaondoka, saa moja tu, walimu wenu wakizungumza kwanza. Utamaduni wetu wa kumsitiri mgeni ni mzuri mezani, ila katika kikao hiki kilichowaumiza kitajwe kwa adabu, la sivyo kitarudi mwaka ujao.

Baada ya miezi mitatu waandikieni barua. Watajieni wastani wa watoto wa kila Jumapili, walimu wangapi wanaendelea, kazi gani ya mikono mmeirudia na ipi imeshindikana, na shida iliyobaki kwenye ukurasa wenu wa Hatua ya 1. Barua hiyo iandikwe na mwalimu wa darasa, mchungaji atie sahihi chini.